Mwongozo kamili: Miezi mitatu ya kwanza na mshirika wa nje, ili biashara isife kimya kimya

Kila baada ya wiki chache napigiwa simu ileile. Mfanyabiashara wa Kampala, Mbale au Arua amekutana na mnunuzi wa nje. Wamekaa vizuri, wamekula, wamepiga picha, wamepeana namba. Mwezi unapita. Hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyesema hapana, ila simu hazipokelewi tena na mzigo haujaondoka ghalani. "Hawa watu ni waongo," ananiambia. Nikimtafuta wa upande wa pili, naye ananiambia maneno hayohayo.

Mara nyingi hakuna mwongo hapo. Kila mmoja alisema "ndiyo" ya kwao, akaweka saa ya kwao, akamngoja bosi wa kwao. Kazi ya mwongozo huu ni kuyatoa mazoea hayo kichwani na kuyaweka kwenye karatasi kabla hayajagongana. Sitakupa orodha ya "Wachina wako hivi, Waarabu wako vile". Mchina fundi wa mitambo hafanani na Mchina wa benki, kama vile mchuuzi wa Kikuubo, soko la Kampala, asivyofanana na karani wa wizarani.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari moja la karatasi. Faili la kwenye simu halizunguki mezani, wala mzee wa kampuni hatalifungua.
- Kalenda mbili, ya kwenu na ya kwao, zenye sikukuu zote.
- Mshenga: mtu anayeaminika na pande zote mbili. Asilipwe kwa asilimia ya mauzo, maana akilipwa hivyo atakuficha mabaya.
- Majina na vyeo vya watu mtakaokutana nao, pamoja na jinsi kila mmoja anavyopenda kuitwa.
- Mzigo mdogo wa majaribio, ule ambao hata ukipotea wote hutauza kiwanja.
- Siku mbili za kukaa na watu wako kabla mgeni hajafika.

## Hatua ya 1: Jiandike wewe kwanza

Watu huanza kwa kumchunguza mgeni. Anza na nyumba yako, kwa sababu mazoea ya kwenu huyaoni tena.

Waulize wafanyakazi watano, mmoja mmoja, bosi akiwa mbali. Mteja akichelewa kulipa, tunafanya nini? Bosi akikosea hesabu mbele ya watu, nani humwambia? Mkutano wa saa tatu huanza saa ngapi hasa? Mtu akifiwa na binamu yake, hukosekana siku ngapi? Andika majibu kama yalivyotoka mdomoni.

Usimwachie bosi kazi hii. Bosi ataandika kampuni anayoitamani. Ukiona ukurasa umejaa sifa tupu, jua waliojibu walikuwa na hofu, rudia. Ukurasa ulio sawa una mambo mawili au matatu ambayo usingependa mgeni ayasome.

Na zile namba zinazopewa tamaduni za kila nchi, zinazoonyeshwa kwenye semina za hotelini? Nyingi zimetokana na kazi ya Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Maswali yake ni ya maana. Watu wanalikubali kiasi gani pengo kati ya mkubwa na mdogo? Mtu hujihesabu peke yake au pamoja na ukoo wake? Lakini katika takwimu zile za mwanzo Uganda haikuwemo. Afrika Mashariki ilihesabiwa kama fungu moja la Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Chukua maswali, namba ziache.

## Hatua ya 2: Chagua lugha, na chagua atakayesema

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005, lakini usidhani kila mlango utafunguka ukibisha kwa Kiswahili. Arua, Bombo, Busia na Malaba, sawa. Kwa wazee wengi wa Buganda bado ni lugha ya askari, na ukimwanza mzee wa Masaka kwa Kiswahili atakujibu huku akijiuliza umekuja kumkamata nani. Anza na salamu ya Kiganda, hata kama ni maneno mawili tu, kisha uliza mtaendelea kwa lugha gani.

Hata Kiswahili kwa Kiswahili kuna mashimo. Kampuni moja ya usafirishaji kutoka Tanzania iliwatangazia madereva wake wa upande wetu kwamba kila safari itakuwa na posho. Nilikuwepo. Dereva mmoja akainua mkono: "Na maharagwe je?" Kwa Mtanzania posho ni fedha ya kujikimu; kwa Mganda ni ugali. Tulicheka, lakini wawili kati yao walikuwa wameshaanza kunung'unika kwamba mwajiri anawalipa chakula.

Maneno ya fedha, muda na cheo yaandike daftarini na maana yake mbele. Ishirini yanatosha.

Kuhusu msemaji, fanya kama kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Siku ile bwana harusi hajadiliani na wakwe. Kila upande una omwogezi wake, na maneno hupita kwake. Kwenye biashara teua mmoja wa bei na mmoja wa ratiba. Ukimwacha kila mtu ajibu swali la bei, mgeni ataondoka na bei tatu na ataishika ya chini.

Mkalimani naye awe wako, hata kama wao wameleta wa kwao. Mkalimani mwenye adabu hulainisha maneno makali, na wakati mwingine ukali ndio ulikuwa ujumbe. Mwisho wa kikao mwombe mgeni akueleze kwa maneno yake mwenyewe mlichokubaliana. Yakirudi kama yalivyotoka, hatua hii imefaulu. Yakirudi na sura nyingine, kaeni tena papo hapo.

Jambo dogo ambalo huzua aibu kubwa: mama wa Kiganda akipiga magoti kumsalimia mgeni. Mwambie mgeni mapema kwamba ni heshima, asimwinue wala asipige magoti naye. Ofisini, kila mwanamke aamue mwenyewe. Asilazimishwe na mila wala na meneja mgeni anayedhani anamkomboa.

## Hatua ya 3: Funga saa na kalenda

Saa yetu huhesabu kuanzia mapambazuko, kwa Kiswahili na kwa Kiganda pia: saa tatu asubuhi ni essaawa ssatu. Mgeni akisoma ujumbe wa "tukutane saa 3" ataandika saa yake ya tatu, yaani alasiri, saa tisa yetu. Nimeona mtu akisubiri kwenye baraza la hoteli kwa saa sita nzima, na tofauti ni hiyohiyo saa sita. Tangu leo andika hivi: "09:00 za Kampala, yaani saa tatu asubuhi." Viwili pamoja, kila mara.

Kisha mipaka. Rwanda na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo ukivuka Elegu kwenda Nimule nawe unarudisha. London wako nyuma saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wao wa kiangazi. Guangzhou wako mbele saa tano: ukipiga saa mbili asubuhi, kwao ni saa saba mchana na wengine wamelala kidogo baada ya chakula.

Weka kalenda mbili ubavuni. Upande wetu piga mstari tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, barabara za Namugongo zinapojaa mahujaji, na siku za mwisho za Desemba, Kampala inapohamia vijijini. Upande wao piga mstari Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya tarehe ishirini hivi ya Januari na tarehe ishirini hivi ya Februari. Viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi makwao, na agizo lililokosa kutoka kabla ya hapo usilitegemee haraka. Kwa Mwitaliano usipange lolote karibu na 15 Agosti. Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Falme za Kiarabu zimehamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, Ijumaa ikibaki nusu siku.

Kuna onyo moja hapa. Kuchelewa kikao na kuchelewa meli ni vitu viwili. Mwafikiane kila kimoja peke yake: kikao kinaweza kuvumilia nusu saa, lakini meli ya Mombasa haimngoji mtu aliyekwama Nakawa kwenye foleni.

## Hatua ya 4: Mjue anayeamua

Kwenye meza yetu anayesema sana huenda ndiye mdogo. Mzee amekaa kimya, atatamka sentensi moja mwishoni, na hiyo ndiyo itakayobaki. Mgeni kutoka Denmark au Uholanzi hataliona hilo. Amezoea meneja anayebishiwa na karani wake, na atamjibu msemaji huku akimpa mzee kisogo. Mjapani naye anaweza kuwa na meneja mkubwa mbele yako ambaye hawezi kukubali lolote leo, kwa sababu kwao karatasi huzunguka idara kwa idara ikikusanya mihuri kabla ya uamuzi kutangazwa.

Kwenye kampuni za kifamilia hapa kwetu mambo yamejificha zaidi. Nimewahi kumshawishi mkurugenzi kwa miezi miwili, kumbe hundi husainiwa na dada yake anayeuza vitenge orofa ya chini.

Usiulize "nani bosi hapa?" Ni matusi, na kila mtu atamtaja aliye karibu. Uliza: "Tukikubaliana leo, karatasi itapita kwa nani na nani kabla ya kutiwa saini, na kwa kawaida huchukua siku ngapi?" Nawe jibu swali hilohilo kwa ukweli upande wako. Umefaulu ukipata majina na siku. Ukipata "usijali, ni mimi tu", jali.

Ukishamjua anayeamua, usimrukie mtu wa kati kumwendea. Utashinda siku hiyo na kupata adui wa miaka kumi.

## Hatua ya 5: Fasiri "ndiyo"

Hapa ndipo wengi wanaponipigia simu, basi nitakaa kidogo.

Kwetu kumkatalia mgeni usoni ni utovu wa adabu, kwa hiyo tuna njia nyingi za kusema hapana bila kulitaja neno lenyewe. "Tutaona" ni hapana iliyovaa koti. "Nimekusikia" haimaanishi nimekubali. "Hakuna shida" mara nyingi maana yake shida ipo, ila leo si siku ya kuitaja. "Nakuja" husemwa na mtu anayeondoka. "Niko njiani" husemwa bafuni. Sisi wenyewe hatudanganyiki, kwa sababu tunasikiliza sauti, tunaangalia macho, tunajua jana aligombana na nani. Mmarekani Edward Hall aliziita jamii za namna hii zenye muktadha mzito: ujumbe umo zaidi katika mazingira kuliko katika maneno. Mgeni ameyapata maneno peke yake.

Upande wa pili nao wana yao. "Hai" ya Mjapani, inayotafsiriwa "ndiyo", mara nyingi ni "nakusikiliza, endelea". Mholanzi akikwambia "hapana, mpango huu ni mbaya", hajakutukana. Ameusoma mpango wako kwa makini na anangoja umjibu. Wafanyabiashara wetu wengi huondoka mezani hapo, wakati mazungumzo ndiyo kwanza yameanza.

Nilijifunza kwa hasara. Mnunuzi wa kahawa kutoka Ulaya alimuuliza msambazaji tuliyemleta: "Unaweza kujaza kontena moja kufikia mwisho wa mwezi?" Kontena la futi ishirini hubeba magunia 320 hivi ya kilo 60, yaani tani 19.2. Jibu lilikuwa "hakuna shida, tutajitahidi." Mimi mwenyewe nililitafsiri kama ndiyo, na hilo ni kosa langu. Mvua ilikuwa ikinyesha, kahawa ilikuwa bado mbichi uwanjani, na kila aliyekuwa chumbani isipokuwa mgeni alilijua hilo. Mwisho wa mwezi tulikuwa na magunia 140. Mnunuzi hakukasirikia mvua. Alichouliza ni hiki: "Kwa nini hamkuniambia siku ile?"

Tangu hapo siulizi swali linalojibika kwa ndiyo. Nauliza: Gari la kwanza litatoka siku gani? Litabeba magunia mangapi? Mpaka leo ghalani yamo mangapi, na yaliyobaki yatatoka kwa nani? Kitu gani kinaweza kutuzuia? Mtu mwenye adabu hawezi kukataa usoni, lakini anaweza kabisa kutaja magunia 140.

Swali la mwisho lina nguvu ya pekee, kwa sababu linampa ruhusa ya kutaja kizuizi bila kuonekana anakataa. Akijibu "hakuna", mwache anywe chai, umuulize tena mkiwa wawili. Daftarini sasa mna tarehe, idadi, jina na kizuizi kimoja au viwili. Pasipo kizuizi hata kimoja, hujamaliza.

## Hatua ya 6: Tengeneza njia ya habari mbaya

Pale mdogo asipombishia mkubwa, habari mbaya hazipandi ngazi. Hukaa chini zikioza mpaka harufu imfikie bosi.

Liangalie bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Wakandarasi wadogo wa Hoima wanaoingia kwenye kazi za mafuta hukutana na kanuni iliyozoeleka katika sekta hiyo duniani: mfanyakazi yeyote akiona hatari anaruhusiwa kusimamisha kazi. Kanuni nzuri. Lakini mpe dereva kijana aliyelelewa kutombishia mzee, mwambie amsimamishe msimamizi mwenye mvi, halafu uone. Atanyamaza, na hatanyamaza kwa ujinga.

Kwa hiyo usimwambie mtu "kuwa huru kusema". Mpe chombo. Mimi natumia ujumbe wa Alhamisi wenye mistari mitatu: kilichokwisha, kilichochelewa, ninachokihofia. Mstari wa tatu ni lazima ujazwe, na kwa kuwa ni lazima, anayeujaza haonekani mchongezi.

Wa kwanza kuleta habari mbaya mshukuru mbele ya wenzake. Ukimfokea, hiyo ndiyo barua ya mwisho ya kweli utakayoipata.

Mwambie mgeni jambo jingine: asiweke jina la bosi kwenye nakala ya barua pepe anapomuuliza karani swali dogo. Kwake ni utaratibu wa kawaida. Kwetu ni kumshtaki mtu. Kosa la mtu lisemwe faraghani, na likiwa zito lipite kwa mshenga.

Dalili ya mafanikio ni moja tu: habari mbaya ya kwanza inafika kabla ya tarehe ya mwisho.

## Hatua ya 7: Zawadi na "chai"

Fupi, kwa sababu sheria ni fupi. Sheria ya hongo ya Uingereza ya 2010 haiachi nafasi hata ya kile kitu kidogo cha kuharakisha karatasi, na humfuata mtu wake hata akiwa Malaba. Marekani wana yao tangu 1977, na Uganda ina sheria ya kupambana na rushwa ya 2009. Mshirika akikataa kulipa "soda" ya karani, si mchoyo, anaogopa jela.

Andikeni kiwango cha juu cha zawadi, na nani aidhinishe kinachozidi. Chakula ni jambo jingine: luwombo iliyofungwa kwenye jani la mgomba haimhongi mtu. Muulize mgeni mapema kama anakula nyama na kama lazima iwe halali, na mwambie aonje hata kijiko kimoja.

## Hatua ya 8: Misiba na sherehe

Meneja mgeni hushtuka akiona ofisi imebaki na mlinzi peke yake kwa sababu baba mdogo wa mhasibu amefariki Soroti. Kwake ni utoro. Kwetu asiyekwenda maziko ndiye mwenye kosa, na mabugo, yaani michango ya rambirambi, hukusanywa ofisini kama kodi. Bado kuna michango ya kwanjula, na baadaye ya kuhitimisha matanga.

Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi na baba siku 4. Ya misiba yaandikeni wenyewe: ndugu gani, siku ngapi, gari la ofisi liende au lisiende, na nani abaki. Kumbuka kwamba "ndugu" wa Kiswahili hana mwisho, kwa hiyo tajeni mpaka wa kufaa.

Mkiacha pengo, watu watasema uongo. Namjua mfanyakazi aliyemzika nyanya yake mara tatu. Kanuni ilipoandikwa, nyanya akapumzika.

## Hatua ya 9: Peleka mzigo mdogo, kisha kaeni chini

Tumeni ule mzigo wa majaribio. Faida isikushughulishe mno, mnajaribu watu. Weka tarehe za kila hatua daftarini: ulipopakiwa, ulipovuka mpaka, ulipopokelewa, ulipolipiwa.

Ndani ya siku kumi baada ya malipo kaeni saa mbili, ana kwa ana au kwa video, daftari likiwa wazi. Kila upande utaje jambo moja ulilolishangaa na jambo moja lililouudhi. Aanze mwenyeji, tena aanze na kosa lake mwenyewe, mgeni atafuata. Mkutano wote ukiwa ni pongezi na makofi, mpange mwingine wa watu wawiliwawili.

Kila lililotajwa ligeuzwe kuwa mstari wa makubaliano, uandikwe na upande ulioudhika, usainiwe na wote wawili.

Mwezi wa tatu ukiisha na daftari halina hata mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono wao, usipakie mzigo mkubwa, hata bei ikiwa tamu namna gani. Mwite mshenga, mpe nauli, aende peke yake akaulize kuna nini.